Mchochezi na Sanduku la Kura

Nchi inayochagua viongozi wake kwa kura huwa na msimu wa maneno kama ilivyo na msimu wa mvua. Msimu huo ufikapo, wagombea wa namna mbili huwajia watu. Wa kwanza huja kuwaambia jambo atakalolifanya. Wa pili huja kuwaambia mtu wa kumchukia. Wa kwanza aghalabu huchosha, maana habari za maji, madaraja na madarasa hazina msisimko, na hesabu zake ni ndefu. Wa pili hachoshi kamwe. Akipanda juu ya gari na kushika kipaza sauti, wauzao huacha kuuza, wasinziao huamka, na vijana husogea mbele. Insha hii inamhusu huyu wa pili. Lakini inawahusu zaidi wale wanaompigia makofi, na wale wanaodhani kwamba dawa yake ni gereza peke yake.

Nawaandikia ninyi, vijana wa shule mlioko Myanga na pande zote za Bungoma na Kitale. Leo hamna kura. Siku mtakapotimiza miaka 18 sheria ya Kenya itawahesabu kuwa watu wazima, na wagombea waliokuwa wakiwapita njiani bila salamu watayajua majina yenu. Yafaa mfikiri mapema, wakati hakuna anayewapa fulana wala nauli ya kwenda mkutanoni. Fikira iliyochelewa hadi siku ya mkutano huzimwa na ngoma.

Kuna kauli mbili zinazosemwa sana juu ya mchochezi, nami nazikataa zote mbili. Kauli ya kwanza ni hii: “Ni mkali, lakini anasema kweli.” Kauli ya pili ni hii: “Afungwe, tupumzike.” Msemaji wa kwanza huona ukali kuwa viungo vya kweli, kama pilipili katika mchuzi. Msemaji wa pili huona gereza kuwa kaburi la maneno. Wote wawili wamekosea, na kosa lao nitalionyesha kwa maisha ya mtu mmoja ambaye aligombea akashindwa, akashitakiwa akafungwa, na ambaye hesabu yake imekwisha kufungwa kwa sababu hayuko tena duniani.

Mtu huyo si wa kwetu. Alikuwa Mtanzania, jina lake Mchungaji Christopher Mtikila. Nimemchagua wa jirani kwa makusudi. Kosa la jirani hutazamwa bila hasira, na wahenga walisema mwenzako akinyolewa nawe tia maji. Ningemtaja mwanasiasa wa hapa, nusu yenu mngeniuliza kwanza kabila langu kabla ya kuniuliza hoja yangu. Na hilo lenyewe lingethibitisha ninayotaka kuyasema.

Mtikila alikuwa mtu wa Ludewa, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mwaka 1992 Tanzania ilipouacha mfumo wa chama kimoja, yeye alikuwa miongoni mwa waliojitokeza mapema na kwa sauti kubwa kuliko wengi. Alianzisha chama kilichoitwa Democratic Party. Msajili wa vyama alikataa kukiandikisha, kwa kuwa chama hicho kilitaka Muungano wa Tanganyika na Zanzibar uvunjwe, na kilitaka watu wa jamii ndogo waondolewe bara. Kwa hiyo mchungaji akawa kiongozi wa chama kisichokuwamo katika daftari, lakini kilichosikika katika kila kijiwe cha Dar es Salaam.

Alikuwa na kipaji cha maneno, na hatuna budi kukikiri. Neno “walalahoi”, yaani wale wanaolala wakiwa hoi kwa kazi na njaa, lilienea sana kwa kinywa chake, nalo limebaki katika Kiswahili hata leo. Ni neno zuri, kwa kuwa linamtazama maskini kwa huruma na linasema hali yake bila kumdhihaki. Lakini kando ya neno hilo aliweka jingine: “magabacholi”. Kwa hilo aliwapachika jina Waasia wa Tanzania na kila aliyedaiwa kushirikiana nao katika kupora mali ya nchi. Tazameni jinsi maneno hayo mawili yalivyofanya kazi kwa pamoja. La kwanza lilimfanya msikilizaji ajihurumie. La pili likamwonyesha wa kumlipiza. La kwanza lilikuwa kuni, la pili likawa kiberiti.

Mapema mwaka 1993, baada ya mkutano wake katika Dar es Salaam, vijana waliingia barabarani wakawashambulia Waasia na mali zao. Hapo jiulizeni swali moja: je, siku ile mlalahoi mmoja alipata nini? Duka lililovunjwa kioo halikumpa ajira aliyevunja. Gari lililopigwa mawe halikupunguza bei ya unga. Aliyerudi nyumbani na jiwe mkononi alilala hoi kama alivyolala jana yake, ila sasa alikuwa na jambo la kumficha polisi. Hiyo ndiyo biashara ya mchochezi: huchukua njaa ya kweli na kuilipa kwa sarafu bandia.

Nasema njaa ya kweli, maana sitaki mfikiri kwamba watu waliomfuata walikuwa wajinga. Miaka ile ilikuwa ya mashaka. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, kazi zilikuwa zikipungua, na watu waliona mali ikibadilisha mikono bila kuambiwa sawasawa ni mikono ya nani. Swali lao lilikuwa halali: nani ananunua nchi, na kwa bei gani? Swali hilo lina majibu katika mikataba, katika hesabu za serikali, na katika majina ya wanaotia sahihi. Mchungaji alilichukua swali la mikataba akalijibu kwa rangi ya ngozi. Katika kila jamii mwizi yuko, na katika kila jamii yuko mshona nguo anayelipa kodi ya chumba kwa taabu. Anayewajumuisha wote kwa jina moja humficha mwizi katika umati, na kumtoa mshona nguo awe kafara. Kwa hiyo nasema kauli ya kwanza, kwamba mkali husema kweli, imekosea: ukali wa namna hii huifukia kweli, wala haiifukui.

Sasa tuingie katika habari ya kura. Mwezi wa Machi mwaka 1997 Horace Kolimba, aliyepata kuwa Katibu Mkuu wa CCM na ambaye alikuwa Mbunge wa Ludewa, alifariki Dodoma wakati alipokuwa ameitwa mbele ya kikao cha chama chake. Kiti chake kikawa wazi. Mtikila, ambaye chama chake kilikuwa bado hakijaandikishwa, akasimama kwa tiketi ya CHADEMA katika jimbo hilo la nyumbani kwake. Watu wa Ludewa walimsikiliza, kisha wakampa kiti mgombea wa CCM.

Mchungaji alikuwa amesema hadharani kwamba CCM ndiyo iliyomwua Kolimba. Ilikuwa tuhuma nzito, na anayemtuhumu mwenzake kuua anapaswa kuleta ushahidi. Mwaka 1999 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la uchochezi, ikampa kifungo cha mwaka mmoja.

Hapa simameni kidogo. Lugha yetu imelipa kosa hili jina la uchochezi, na jina hilo limebeba mizigo miwili isiyolingana. Mzigo mmoja ni kumchochea mtu amdhuru jirani yake. Mzigo mwingine ni kusema maneno yanayowachukiza watawala. Sheria za kikoloni, ambazo nchi zetu zilizirithi, ziliifunga mizigo hiyo katika kamba moja, kwa sababu mkoloni hakuona tofauti: kwake yeye, jirani wa kulindwa alikuwa serikali. Lakini raia huru lazima aione tofauti hiyo. Maneno ya mwaka 1993 yalitangulia mawe juu ya vichwa vya watu wasio na ulinzi. Maneno juu ya kifo cha Kolimba yalikigusa chama chenye magazeti, mawakili na dola. Chama hicho kingeweza kujibu, na kingeweza kudai fidia mahakamani kama mtu mwingine yeyote aliyesingiziwa. Badala yake msemaji akatiwa gerezani.

Je, gereza lilimfundisha nini? Lilimfundisha kwamba jina lake linaogopwa. Liliwafundisha wafuasi wake kwamba huenda alikuwa akisema kweli, maana mtu mnyonge hudhani kwamba kinachofungiwa ndicho chenye thamani. Mchochezi aliyefungwa kwa kuwatusi wakubwa hutoka na taji ambalo asingeweza kulinunua. Alipoingia alikuwa msemaji wa chuki; alipotoka alikuwa pia shahidi wa uonevu. Serikali iliyotaka kumpunguza ilikuwa imemwongeza.

Wala hatuhitaji kuvuka mpaka kuliona jambo hilo. Hapa kwetu Bungoma mnalijua jina la Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, mchezaji mpira hodari aliyegeuka kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Simlinganishi na Mtikila. Masinde alipingana na wageni waliotwaa ardhi na kudharau miungu ya wenyeji, na hilo ni jambo lingine kabisa. Namtaja kwa ajili ya gereza tu. Serikali ya kikoloni ilimfunga; ikampeleka Mathari kana kwamba ni mwenda wazimu; mwezi wa Februari 1948 polisi wake wakaupiga risasi umati wa waumini Malakisi, watu 11 wakafa; mwaka huohuo ikaipiga marufuku dini yake na kumhamishia Lamu, mwisho wa nchi. Serikali ya uhuru nayo ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987. Sasa waulizeni wazee wenu: katika marufuku hizo mbili, ni ipi iliyolifuta jina lake? Maneno hayafungiki kwa kufuli. Yakiwa ya haki hukua gerezani. Na yakiwa ya chuki, huko gerezani hujifunza kuvaa nguo za haki.

Basi kilichompunguza Mchungaji Mtikila ni nini? Nitawaambia, na ndiyo sababu ya insha hii. Chama chake kilipata kuandikishwa mwaka 2002. Mwaka 2005 akagombea urais wa Jamhuri ya Muungano. Hakuzuiwa. Alipanda jukwaani kama wengine, akasema yaliyokuwa moyoni mwake, na jina lake likachapwa katika karatasi moja na majina ya wagombea wengine tisa. Uchaguzi ulifanyika tarehe 14 Desemba mwaka huo. Jakaya Kikwete alipata kura 9,123,952. Profesa Ibrahim Lipumba alipata 1,327,125. Mchungaji Mtikila alipata kura 31,083. Kura halali zilizidi milioni 11. Kwa hiyo katika kila wapiga kura 1,000 hawakufika watatu waliomtaka.

Tafakarini hesabu hiyo. Mtu aliyesikika nchi nzima kwa zaidi ya miaka kumi, ambaye neno lake liliingia katika lugha ya taifa, ambaye mikutano yake ilifunga barabara, alipopimwa kwa mizani ya kura alionekana mwepesi kuliko unyoya. Polisi hawakuweza kumfanya hivyo, wala hakimu, wala mlinzi wa gereza. Wakulima, wavuvi, makarani na mama lishe walifanya kazi hiyo katika siku moja, kimyakimya, kila mmoja akiwa peke yake na kalamu. Makofi hupigwa katika umati, lakini kura hupigwa faraghani. Na mtu akiwa faraghani hukumbuka kwamba muuza duka anayetukanwa ndiye aliyemkopesha sukari mwezi uliopita.

Msomaji mwenye akili ataniuliza: “Je, kura hutosha siku zote?” La, hazitoshi, nami sitawadanganya. Someni habari za Ujerumani. Adolf Hitler alijaribu kuipindua serikali mwaka 1923. Mwaka 1924 alitiwa hatiani kwa uhaini, akahukumiwa miaka mitano, akakaa kifungoni chini ya mwaka mmoja akiandika kitabu. Mwaka 1932 aligombea urais akashindwa na Paul von Hindenburg. Huyu naye alikuwa mgombea aliyeshindwa, na huyu naye alikuwa mfungwa. Lakini tarehe 30 Januari 1933 Hindenburg huyohuyo alimteua kuwa Kansela, kwa sababu wakubwa wachache walidhani wanaweza kumtumia kisha wamtupe. Wapiga kura walikuwa wamemfungia mlango wa mbele; wakubwa wakamfungulia wa nyuma. Wala mlango wa mbele haukufungwa barabara, kwa kuwa katika duru ya mwisho alikuwa amepata kura zaidi ya milioni 13. Walipofika milioni 13 wanaosema “ni mkali, lakini anasema kweli,” wakubwa huanza kufikiri kwamba mkali huyo ana faida.

Hapo ndipo tofauti ya nchi na nchi ilipo. Mchochezi yuko kila mahali kama viroboto. Nchi hupona au huangamia kwa idadi ya wanaomkubali na kwa tamaa ya wanaotaka kumtumia. Kura 31,083 hazimshawishi mkubwa yeyote. Kura milioni 13 zinamshawishi. Kwa hiyo kila kura moja inayonyimwa chuki ni kufuli katika milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma.

Na sisi je? Twende taratibu, maana kidonda hiki ni chetu. Tazameni Mlima Elgon, unaotutazama sote wa Bungoma na Kitale. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2008 kundi lililojiita jeshi la kuitetea ardhi ya Wasabaoti liliua, likakata watu masikio, likachoma nyumba. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria waliouawa na kundi hilo kuwa wapatao 600. Mwezi wa Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi, na wanaume wengi waliokamatwa wakateswa. Chanzo kilikuwa mgawanyo wa ardhi ya makazi ya Chebyuk, yaani swali halali kabisa: shamba lile ni la nani, na nani aliligawa kwa upendeleo? Swali la ramani na hati likajibiwa kwa panga. Na katika nchi nzima, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Panga hizo hazikujinyanyua zenyewe. Zilitanguliwa na maneno katika mikutano, katika redio, na katika ujumbe wa simu. Na maneno yakatanguliwa na makofi.

Baada ya maafa hayo Kenya ilijaribu kuifungua ile kamba iliyofunga mizigo miwili pamoja. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilifanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa lenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 33, imempa kila mtu uhuru wa kusema. Kisha ikasema uhuru huo haufiki kwenye propaganda za vita, kuchochea fujo, wala matamshi ya chuki. Hapo Katiba imechora mstari mahali panapofaa. Imemlinda jirani. Haikusema kwamba uhuru unakoma pale mkubwa anapokasirika. Ibara ya 99 nayo imemzuia kugombea ubunge mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, rufani zake zikiwa zimekwisha. Sheria hizo ni njema, nami siko pamoja na wanaosema zifutwe. Anayesema “wafukuzeni” na panga zikamfuata, astahili jela. Ninalolikataa ni kuitegemea jela ifanye kazi ya raia. Sheria humfikia mtu akiisha kusema. Raia humfikia kabla, kwa kuondoka mkutanoni.

Liko jambo moja zaidi katika maisha ya Mtikila ambalo nisipolitaja nitakuwa nimefanya lilelile ninalolilaumu, yaani kumfunga mtu mzima katika jina moja. Mchochezi huyu alikuwa pia mdai haki asiyechoka. Mwaka 1993 alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma, akidai kwamba raia awe na haki ya kugombea bila kupitia chama, na kwamba mkutano wa hadhara usitegemee kibali cha polisi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alimpa ushindi. Bunge likabadili Katiba mwaka huohuo ili kuzuia wagombea binafsi. Akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo mwaka 2010. Hakukata tamaa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zake. Alifariki katika ajali ya gari eneo la Chalinze tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu, bila kuliona jina la mgombea binafsi katika karatasi ya kura ya nchi yake. Ninyi haki hiyo mtaikuta tayari katika Ibara ya 85 ya Katiba yenu.

Je, sifa hii inaifuta lawama ile? Haifuti. Wala lawama haifuti sifa. Mahakama za haki zilifanya kwa Mtikila jambo ambalo umati wa Jangwani haukuweza kulifanya: zilipima dai moja moja. Dai la mgombea binafsi lilikuwa jema, likapokelewa. Wapiga kura nao walifanya vivyo hivyo. Walilichukua neno “walalahoi” wakalitia katika lugha yao, wakaliacha “magabacholi” lioze, na mwenyewe wakamnyima urais. Hiyo ndiyo hekima ya kupepeta. Mwanamke apepetaye nafaka hatupi ungo kwa sababu ya makapi, wala hapiki makapi kwa sababu yalikuja pamoja na nafaka.

Basi mkutano utakapofika soko la Myanga, na gari la vipaza sauti litakaposimama, nendeni mkasikilize. Sisemi mjifungie nyumbani. Lakini mwende na ungo. Mgombea akilitaja baya, sikilizeni kama analitaja kwa tendo au kwa kabila. Akisema “hati hii ilitiwa sahihi kwa hila, tarehe hii, ofisi hii,” msikilizeni mpaka mwisho hata kama anachosha. Akisema “wale” na akaonyesha upande wanakokaa majirani zenu, jueni amekwisha kuishiwa na hoja. Kisha muulizeni yatakayokuwa siku ya pili. Mtu akiambiwa aondoke, shamba lake litalimwa na nani, deni la duka lake litalipwa na nani, na watoto wake waliokuwa dawati moja nanyi watasoma wapi? Mchochezi hana siku ya pili. Hotuba yake huishia jioni ya siku ya kwanza. Mwisho, tazameni watoto wake mwenyewe wako wapi. Mtu anayewatuma watoto wa wenzake kushika mawe, na wake wakiwa shuleni mbali, amekwisha kuwaambia thamani yenu.

Mtu mmoja atasema kwamba kura yake ni moja tu, haiwezi kuzuia lolote. Kura 31,083 hazikuwa chache kwa bahati. Zilikuwa chache kwa sababu zaidi ya watu milioni 11, kila mmoja akiwa na kura moja tu, hawakuitoa kwa chuki. Hakuna aliyewashukuru kwa majina, wala hakuna sanamu yao mjini. Lakini asubuhi iliyofuata walifungua maduka yao, Mwasia na Mwafrika, wakapimiana sukari na kurudishiana chenji, na nchi ikaendelea. Nanyi mtakapopewa karatasi na kalamu, ndani ya kile kibanda ambamo hakuna anayepiga makofi, kumbukeni kwamba hapo ndipo mchochezi anapohukumiwa kweli, na hakimu ni ninyi.